Ndoa ya mama niliikuta pembeni mwa kitabu

Kazi yangu ni vyeti vya watu. Nina steshenari ndogo Mbagala: mashine mbili za fotokopi, kompyuta moja, na printa inayokula wino kuliko inavyoniingizia hela. Kutwa nzima nashika vyeti. Vya kuzaliwa, vya kidato cha nne, vya ndoa, vya kifo. Namjazia mtu fomu mtandaoni, namtolea kontroli namba, analipa kwa simu palepale, namchapia risiti anaondoka. Mtu akiniambia cheti chake hajui kilipo, nilikuwa namcheka kimoyomoyo. Nilikuwa.

Baba alifariki mwaka juzi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alistaafu zamani, na baada ya arobaini tukaanza kufuatilia mambo yake kwenye mfuko wa pensheni. Mama akatoa sanduku lake la bati, lile lenye kufuli lisilofunga. Lina kila kitu: kadi yangu ya kliniki, risiti ya baiskeli ya Phoenix, barua zote za uhamisho za baba tangu alipoanza kazi, hata kadi ya ubatizo ya mama iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa matundu. Cheti cha ndoa tu ndicho hakimo.

Hatukuogopa. Tukaenda na tulivyokuwa navyo. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu zake, shikamoo mama, karibu mama, pole na msiba. Akapanga karatasi zetu moja moja kama karata, kisha akasema, "Mama, hapa sijaona kitu kinachoonyesha kuwa wewe ni mke wa marehemu."

Mama amezaa na yule mtu watoto saba. Hakujibu. Akafungua pochi, akatoa ile picha yao ya harusi, baba kavaa suti ya kuazima yenye mikono mirefu kuliko yake, mama na shela, wote wawili wamenuna kama wako kwenye tanzia, maana zamani picha ilikuwa jambo zito. Kijana akaishika kwa pembe, akaitazama kwa muda.

"Mlipendeza, mama. Ila picha haina muhuri."

Kwenye daladala mama hakusema neno mpaka tumefika Mtongani. Hapo akasema, kama anayeongea na dirisha, "Baba yako alikitoa akakipeleka alikokuwa anaomba mkopo. Mimi nilimwambia."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia ofisi ya usajili ya mjini, tena mikono mitupu. Nilidhani kwa kuwa kila kitu siku hizi kiko kwenye kompyuta, nitataja jina la baba, dada atabonyeza, cheti kitatoka. Dada akaniuliza: ndoa ilifungwa kanisa gani? Tarehe ngapi? Nani alifungisha? Cheti kilikuwa namba ngapi? Nikajibu, "Mbinga, mwaka 1976." Akacheka bila ubaya. "Mbinga ni wilaya nzima, dada yangu." Akatafuta kwa hicho kidogo nilichompa, hakikuonekana kitu, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Ni sawa na mteja anijie mimi aseme nimtolee kopi ya karatasi ambayo hakuja nayo.

Nilirudi dukani nikakaa na Sheria ya Ndoa, ambayo namchapia kila mwanafunzi wa sheria anayepita lakini sikuwahi kuisoma. Ni ya mwaka 1971, na ilianza kutumika Mei mosi mwaka huohuo. Ndoa inaweza kufungwa kidini, kiserikali kule bomani, au kimila. Kilichonifungua macho ni kwamba anayefungisha ndiye anayeandika. Padri, mchungaji, sheikh, msajili wa wilaya, kila mmoja anaiandikisha ndoa pale alipoifungisha, kisha taarifa ndiyo inapanda kwenda kwa Msajili Mkuu wa Ndoa na Talaka. Msajili huyo leo yuko RITA, ule Wakala wa serikali wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na RITA yenyewe imeanza mwaka 2006. Kabla yake kazi hizo zilikuwa chini ya Kabidhi Wasii Mkuu. Yaani baba na mama walifunga ndoa miaka thelathini kabla RITA haijazaliwa, katika parokia ya milimani kwenye mashamba ya kahawa, na aliyeandika alikuwa padri mwenye kalamu. Mimi naanzia juu kutafuta kitu kilichoandikwa chini!

Kwa hiyo ukiwa na shida kama yangu, usiulize kwanza "ofisi iko wapi". Uliza wazee: nani alisimama mbele yenu siku ile? Kama ni padri, parokia ipi. Kama ni sheikh, msikiti upi, na kitabu cha vyeti alichotumia kiko kwa nani sasa, maana mashekhe wanafariki na vitabu vinabaki kwa warithi. Kama ni bomani, wilaya ipi kwa mipaka ya wakati ule, kwa sababu wilaya zetu zimegawanywa sana na kitabu cha zamani huwa kinabaki kwa wilaya mama.

Na majina. Jamani, majina! Baba kwenye cheti cha kifo ni Boniface. Kazini alikuwa Bonifasi. Kanisani, mtaona, ni kitu kingine kabisa. Mama ana jina la nyumbani ambalo ndilo aliloandikia kitambulisho cha taifa, na jina la ubatizo ambalo hata sisi watoto wake wengine hatukulijua. Andika yote kwenye karatasi moja kabla hujatoka nyumbani.

Tukapanda basi Stendi ya Magufuli alfajiri, mimi na mama, ingawa nilimsihi abaki. Dar mpaka Songea ni kama kilomita 950. Unapita Morogoro, Iringa, Makambako unakata kushoto, Njombe kule baridi inakuingia mifupani, na unafika Songea usiku miguu imevimba. Mama njiani alikula ndizi na kunisahihisha. Nikisema Julai, anasema Agosti. "Ilikuwa Agosti. Kahawa ilikuwa imeanikwa, kaka zangu walichelewa kanisani kwa sababu ya kahawa." Nikaandika Agosti.

Parokia walikofunga ndoa siitaji jina. Tulifika ofisini tukasalimu, Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, na swali la kwanza la katibu halikuwa la ndoa. Lilikuwa: "Umekuja na barua ya jumuiya yako?" Wakatoliki mnajua. Barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ninakosali, na kadi ya zaka. Mama alikuwa nayo yake, imelipwa mpaka mwezi ule. Yangu ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Mama hakusema kitu ila alinitazama, na nikalipa zaka ya miezi minane papo hapo kwa simu, kontroli namba ya mbinguni.

Kisha katibu akaleta kitabu cha ndoa cha miaka ya sabini. Alikibeba kwa mikono miwili kwenye trei ya plastiki, nikashangaa kwa nini trei. Akakifungua. Ganda lilikuwepo, zuri, gumu, na mgongo wake umeandikwa mwaka. Ndani mchwa walikuwa wamechimba kuanzia katikati wakabakiza kingo, kama mtu aliyekula mkate akaacha magamba. Ukurasa wa 1976 ulikuwa fremu. Unaona namba pembeni, unaona mstari unaanza, halafu tundu, na ndani ya tundu unaona mstari wa mwaka 1979. Udongo mwekundu ulimwagika kwenye trei.

Mama akachungulia. "Basi," akasema. "Nimekuwa sijaolewa."

Katibu akaenda kumwita paroko. Alikuwa padri kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na ndiye aliyeniokoa kwa swali moja ambalo mimi mwenye steshenari wala dada wa ofisini hatukulifikiria.

"Mama, wewe ulibatizwa wapi?"

"Peramiho."

"Kadi unayo?"

Ile kadi ya matundu. Ilikuwa kwenye pochi pamoja na picha. Padri akaikunjua juu ya meza taratibu. Kwenye kadi hizi kuna herufi ambazo wengi wetu tunaziona tangu utotoni bila kuuliza: LB, LC, LM. Ni Kilatini, vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa. Mbele ya LM kwenye kadi ya mama palikuwa patupu, hakuna aliyejaza. Lakini mbele ya LB palikuwa na namba, 9417, wino umefifia ila unasomeka.

Akatueleza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Na mtu akifunga ndoa mbali na alikobatizwa, parokia iliyofungisha inapaswa kupeleka taarifa kule alikobatizwa, iandikwe pembeni ya jina lake. Ndiyo maana ukitaka kufunga ndoa kanisani unaambiwa leta cheti cha ubatizo kipya, kilichotolewa karibuni, siyo kile cha zamani ulichonacho. Nilikuwa nadhani ni usumbufu tu. Kumbe wanachungulia pembeni ya kitabu kama umeshaolewa kwingine.

"Kwa baba haitasaidia," padri akasema, "yeye alibatizwa hapahapa, na kitabu chake kililala rafu moja na hiki. Nendeni Peramiho."

Peramiho ni umbali wa kilomita ishirini na kitu kutoka Songea mjini. Ni abasia ya Wabenediktini, misheni iliyoanza mwaka 1898 na kuchomwa moto wakati wa Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya. Ukifika unaona kanisa kubwa la matofali na hospitali, na mama akaanza kutembea kwa haraka ghafla, yule yule aliyekuwa analalamika magoti. Alikuwa ananionyesha miti.

Ofisini mhudumu alivaa miwani, akasoma kadi, akapotea chumba cha nyuma muda mrefu, akarudi na kitabu kikubwa kama beseni. Sikuruhusiwa kukishika. Kurasa hizo zina siri za watu wengine: nani hakuwa na baba, nani alibatizwa anakufa. Alipoupata mstari, alichukua karatasi mbili nyeupe akafunika juu na chini, ukabaki mstari mmoja tu wa mama umelala katikati kama dirisha jembamba. Mwandiko wa wino mweusi, umeinama wote upande mmoja, unajua kabisa huyu aliyeandika alichapwa viboko vya mwandiko shuleni. Namba. Tarehe ya ubatizo, 1957. Jina ambalo sikulijua. Jina la bibi, jina la babu, jina la msimamizi.

Na kule mwisho kabisa, kwenye nafasi nyembamba pembeni, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa mtu mwingine mwenye haraka: *Matr. 24.7.76 cum Bonifacio*, Kilatini cha "ndoa, 24.7.76, na Bonifasi", kisha ukoo wa baba, na jina la parokia ile ya mchwa.

Boniface, Bonifasi, Bonifacio. Mtu mmoja.

Nilisoma mara tatu. Mwaka 1976 kuna mtu alikata kipande cha karatasi kule milimani, akakituma, labda kwenye lori la kahawa, labda mfukoni mwa padri anayekuja mkutanoni, na mtu mwingine huku akafungua kitabu hiki, akatafuta namba 9417, akaandika maneno machache. Hakuna hata mmoja wao aliyemjua mama. Waliandika kwa sababu ilitakiwa kuandikwa.

Mhudumu akatuandikia cheti kipya cha ubatizo, na sehemu ya ndoa safari hii ikajazwa. Sahihi, muhuri. Tukarudi nacho kule, padri kijana akaandika barua ya kuthibitisha ndoa kwa kutumia ile kumbukumbu, akaeleza wazi kilichokipata kitabu chake bila kuficha. Msimamizi wa mama siku ya harusi bado yu hai, bibi mmoja anaishi Lizaboni, hasikii vizuri ila anakumbuka hata pombe ilikuwa ya nani. Yeye na mjomba wakaapa mbele ya wakili. Kiapo nilikichapa mwenyewe kwenye steshenari ya mwenzangu pale Songea, na nikakipanga vizuri kuliko alivyotaka kukipanga yeye. Hatukukorofishana.

Watu wananiuliza dukani, sasa kama kusingekuwa na kile kitabu? Mama angekuwa bado mke. Sheria yenyewe inasema kuandikishwa au kutoandikishwa siko kunakofanya ndoa iwe halali au batili. Hata wanaofunga ndoa ya kimila, wana wajibu wa kuiandikisha ndani ya siku thelathini, ambao sijaona anayeutimiza, na ndoa zao ni ndoa. Na wale wa "tumekaa miezi sita kwa hiyo tumeoana", ambao ni nusu ya mtaa wangu, sheria haina miezi sita. Kifungu cha 160 kinasema miaka miwili au zaidi ya kuishi pamoja kwa namna ambayo watu wanawajua kama mume na mke, na hapo mahakama inachukulia tu kuwa mmeoana, mwingine akileta ushahidi wa kukanusha dhana hiyo inaanguka. Kumweleza hivyo hakimu kunawezekana. Kumweleza kijana wa dirishani, huku nyuma yako kuna foleni ya watu arobaini, ni kazi.

Niwaambie na hili maana lilinitokea wiki chache baada ya kurudi. Mzee mmoja kavaa suti, kajitambulisha kuwa mchungaji, kaja na cheti cha ndoa anataka nikiskani, nifute majina, nimchapishie nakala mia zisizo na kitu. Nikamwuliza leseni yake iko wapi. Anayefungisha ndoa za kidini lazima awe na leseni ya kufungishia ndoa, na vyeti vinatoka kwa Msajili Mkuu kwenye vitabu vyenye namba, havitoki kwangu mimi na printa yangu inayovuja. Akaniambia kanisa lake ni jipya, mambo ya leseni yanashughulikiwa. Nikamrudishia karatasi yake. Najua alikwenda duka la pili. Kuna wanandoa mahali fulani hapa Mbagala wana cheti kizuri kimewekwa kwenye fremu, na siku mmoja akifariki mwingine atasimama pale dirishani. Bwana harusi yuko tayari kulipia ukumbi, keki na MC kwa mamilioni, ila kumwambia mchungaji "samahani baba, naomba kuona leseni yako" anaona haya. Omba. Mwenye nayo hakasiriki.

Wale wanaoolewa nje, wateja wangu wa Oman na Ujerumani, yenu ni karatasi nyingine: hati ya kuonyesha kuwa huna kipingamizi cha kufunga ndoa. Hiyo inatolewa RITA, na msisubiri mpaka tiketi imekatwa. Wanaofunga bomani pia wasisahau tangazo la siku ishirini na moja. Mtu ananijia Alhamisi anataka kuoa Jumamosi.

Mwezi wa pili tukarudi dirishani na bahasha ya kaki. Kijana yuleyule. Barua ya paroko, cheti kipya cha ubatizo chenye maelezo ya ndoa, viapo viwili, kiapo cha majina kinachosema Boniface na Bonifasi ni marehemu mmoja. Akasoma zote, akachukua nakala nilizotoa kwenye mashine yangu mwenyewe, akagonga muhuri kila ukurasa. Mama akaomba ile picha ya harusi iingie kwenye faili pia. Kijana akasema haihitajiki, mama. Mama akasema anajua.

Akaichukua kopi yake.

Sasa karatasi zote ziko kwenye sanduku, na nimenunua kufuli jipya. Mama alinikataza nisizilaminishe, na yupo sahihi, karatasi ikishafungwa kwenye plastiki mtu hawezi kuugusa muhuri. Jambo moja tu hatujaelewana. Kila fomu iliyofuata yenye sehemu ya tarehe ya ndoa namwandikia Julai 24, kama kitabu kinavyosema, naye anaweka sahihi kwa sababu mimi ndiye mtaalamu. Kisha anaiweka kalamu mezani.

"Agosti," anasema. "Padri hakuwa na kahawa juani. Mimi nilikuwepo."